Stima ya Marehemu Sebuleni Mwangu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeyawekea maji mipaka yake na kuzishika nyoyo za waja Wake asizipoteze, nafungua shajara hii. Salamu zangu za heshima zimfikie atakayeisoma, awe jamaa au mgeni, mzima au mgonjwa. Namwomba anivumilie, kwani mzee haandiki upesi, na mambo nitakayoyaandika si yote ya kunipamba.

Mwezi wa tatu, tarehe 3

Mvua imeanza rasmi, na paa la karakana ya mtoto wa mke wangu limesalimu amri. Namwita mtoto ingawa kichwa chake kimejaa mvi. Nilipomwoa mama yake alikuwa na umri wa miaka sita, na baba yake mzazi alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya hapo, pale bomba la mvuke lilipopasuka katika chumba cha injini cha ile stima ya fahari iliyokuwa ikiwatembeza wakubwa na wageni wao. Kazi ya mtoto huyu ni kukereza vyuma na mbao, na mtaa mzima humwita Fundi, hata mama yake. Yeye ameniita Mwalimu tangu siku ya kwanza, na hajabadilisha.

Nyumba ya kumbukumbu ya bandari imempa kazi ya kutengeneza mfano wa stima hiyo hiyo, ambayo yenyewe ilikatwa zamani ikauzwa kwa chuma chakavu. Leo ameuhamishia kwetu usilowane. Meza ya kulia ndiyo pekee inayotosha urefu wake. Mke wangu alikuwa amekwisha kutandua kitambaa kabla sijaulizwa.

Nilisema, "Karibuni." Nililisema kwa wingi bila kukusudia.

Mwezi wa tatu, tarehe 5

Haki ya kitu ni kukieleza kilivyo. Mfano huu ni kazi ya mtu mwenye subira. Fundi alinieleza kwamba kila futi nne za stima ya kweli zimekuwa inchi moja mezani, naye hakiweki kitu chochote, hata kama ni kidogo kuliko punje ya mtama, bila kukipitisha kwenye hesabu hiyo. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, umenyooka kutoka omo ya mbele hadi tezi ya nyuma, na mataruma yamesimama juu yake kama mbavu za ng'ombe aliyeliwa akabaki mifupa. Omo yake imejikunja mbele kwa madaha, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Dohani ya kutolea moshi ameikereza kutoka bomba la shaba la bafu bovu. Madirisha ya mviringo ni zile pete ndogo za viatu zinazopitishwa kamba. Kamba zenyewe ni uzi wa kushonea uliopakwa nta.

Nilimsifu. Alisema, "Asante, Mwalimu," bila kuinua macho, kwa kuwa alikuwa ameshika gundi.

Mwezi wa tatu, tarehe 9

Mvua tangu alfajiri. Nimekula chakula cha mchana sahani ikiwa magotini.

Mwezi wa tatu, tarehe 12

Chai yangu ya saa kumi imechelewa. Nilikwenda kuiulizia nikaambiwa birika lina kazi sebuleni. Kazi yenyewe ni hii: mbao nyembamba za ubavuni hazikubali kupinda mpaka zifukizwe, hivyo Fundi huupitisha ubao katika mvuke wa birika hadi ulegee, kisha huubana juu ya mataruma kwa vibanio vya nguo. Anayeshika birika ni mama yake. Amevaa miwani ambayo kwa miaka miwili nimekuwa nikimsihi aivae asome, akikataa kwa kusema inamzeesha.

Walikuwa wakizungumza. Nilisimama mlangoni nikasikia mke wangu akieleza kwamba dohani haikuwa nyeupe kama ilivyo kwenye michoro, bali ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyoshika chini ya sufuria, na kwamba marehemu akitoka zamu alikuwa ananuka mafuta ya mashine hata baada ya kuoga mara mbili, na kwamba alikuwa mcheshi, akijua kuigiza mwendo wa kila mkubwa aliyepanda. Akainuka akauigiza mwendo mmoja. Mke wangu, mwenye goti bovu, akatembea sebuleni na tumbo mbele na mikono nyuma, birika likitoa mvuke, na mwanawe akacheka hadi ubao ukamponyoka.

Nimeishi na mwanamke huyu tangu nikiwa na nywele nyeusi. Sijapata kumwona akiigiza mtu.

Nilirudi barazani. Chai ililetwa baadaye, nayo ilikuwa na ladha ya mbao.

Mwezi wa tatu, tarehe 13

Nimesomesha dini kwa umri wangu wote wa utu uzima, na hakuna somo nililolitoa kwa kujiamini kama somo la husuda. Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba hasidi hutaka neema ya mwenziwe iondoke, na kwamba dawa ya kwanza ni kumwombea heri yule unayemwonea kijicho. Leo baada ya sala nimejaribu dawa yangu mwenyewe. Nimemwombea marehemu rehema na nuru na nafasi pana. Nilipofika kwenye nafasi pana, nikaikumbuka meza yangu.

Lakini marehemu ana neema gani ya kuondolewa? Hali, hanywi, haonekani. Anakumbukwa tu. Na kumbe hicho ndicho ninachokitaka.

Mwezi wa tatu, tarehe 20

Kinyozi, rafiki yangu wa ujanani, alikuja kunipunguza ndevu kwa kuwa barabara imejaa matope na hataki nianguke. Aliitazama stima kwa muda mrefu akiwa ameshika mkasi hewani. Wakati huo mbao za upande wa kulia zilikuwa zimekamilika, na mashua nne ndogo za kuokolea watu zilikuwa zimeanikwa dirishani kama maganda ya karanga.

Akauliza mimi nakula wapi. Nilipomwonyesha kigoda, alicheka kwa adabu kwanza, kisha bila adabu. Akasema, "Sheikh wangu, mwenzio kaja na meli nzima. Wewe ulipooa ulikuja na nini, baiskeli?"

Nikamwambia anyoe.

"Nanyoa, ndugu yangu. Ila mtu akiwa hai akikusumbua, unamwita kwa wazee mkasuluhishwa. Huyu wako utamwita wapi? Hata akiitikia, wewe ndiye utakayekimbia."

Nilicheka kwa kuwa alikuwa na wembe shingoni mwangu.

Mwezi wa tatu, tarehe 26

Gundi haikauki kwa unyevu. Wameweka jiko la mkaa chini ya meza. Stima ina joto, mimi nina blanketi.

Mwezi wa nne, tarehe 2

Leo nimeona picha. Mtunzaji wa nyumba ya kumbukumbu amemwazima Fundi picha pekee ya sitaha iliyosalia, iliyokwaruzika pembeni. Wageni waliovaa kofia nyeupe wamesimama kwenye reli wakiwa na bilauri mkononi, nahodha amenyoosha mgongo, wahudumu wamesimama nyuma. Kutoka chumba cha injini hakuna hata mmoja. Waliokuwa wakiisukuma stima kwa jasho lao hawakuitwa kupigwa picha.

Fundi alisema kwa sauti ya chini kwamba mkataba hautaji watu, lakini hauwakatazi, naye angependa awepo mtu mmoja tu, amesimama nje ya mlango wa chumba cha injini, akipata hewa. Mama yake akaweka mkono begani kwake. Hakuna aliyesema mtu huyo ni nani, na hapakuwa na haja.

Nami nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni aliyepita kusalimu sasa atalala.

Mwezi wa nne, tarehe 7

Amechonga sanamu ya kwanza. Ni fupi kuliko kidole changu cha mwisho, ina kofia na kitambaa shingoni. Aliisimamisha mahali pake, akatazama, akaiondoa. Akasema siye.

Mwezi wa nne, tarehe 8

Sanamu ya pili. Siye.

Mwezi wa nne, tarehe 10

Ya tatu imekubaliwa. Fundi alirudi nyuma hatua kadhaa akainama mpaka macho yake yakawa chini ya usawa wa meza, akaitazama kutoka huko kwa muda mrefu, akasema, "Huyu ndiye." Mama yake akasema, "Ndiye, mwanangu." Akaenda jikoni upesi.

Mwezi wa nne, tarehe 11

Naandika jambo hili nikijua halinipendezi. Mke wangu alikuwa kwa jirani na Fundi amekwenda kutafuta rangi. Nilichukua rula yake nikaipima sanamu.

Ina inchi moja na robo tatu. Kwa hesabu ya stima hii, huyo ni mtu wa futi saba kamili. Nikaupima mlango wa chumba cha injini: inchi moja na nusu, yaani futi sita. Nilipima tena, nikifikiri macho yangu ya uzee yamenidanganya. Hayakunidanganya. Fundi, ambaye ametupa nanga mbili nzuri kwa sababu zilizidi kwa unene wa unywele, amemsimamisha baba yake mbele ya mlango asioweza kuupita.

Nilirudisha rula mahali pake. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, furaha ya mtu aliyeokota kitu barabarani akatazama huku na huku.

Mwezi wa nne, tarehe 14

Katika kasha la mke wangu, chini ya mashuka, limo koti la kazi la marehemu. Nimejua lipo miaka yote, na kwa miaka yote sijaligusa. Leo alipokwenda kumwona mgonjwa, nililitoa nikalijaribu mbele ya kioo.

Mikono yake iliishia juu sana ya vifundo vyangu. Halikufunga kifuani. Mimi si mtu mrefu. Kinyozi hunitania kwamba nikisimama kusali watu hudhani nimekwisha kuinama kurukuu. Basi marehemu alikuwa mfupi kuliko mimi, tena kwa kiasi cha haja.

Nililikunja kama nilivyolikuta. Nilisali nikiwa na tabasamu, na sala ya namna hiyo sijui imefika wapi.

Mwezi wa nne, tarehe 15

Mvua ilinyesha kama iliyomwagwa na ndoo, sote tukawa ndani. Fundi alikuwa akipaka sitaha mafuta ya mwisho. Mke wangu alikuwa akimsimulia siku ambayo marehemu alimbeba mkubwa mmoja mnene mgongoni kumvusha matope ya gati ili viatu vyake visichafuke, akamfikisha bila kuyumba.

Sikuweza kunyamaza. Nilisema kwa sauti yangu ya darasani, ile iliyotulia, ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko kelele. Nilimwomba Fundi aniwie radhi, nikamuuliza kama sanamu zote hufuata kipimo. Akasema ndiyo. Nikauliza tena ule mlango una futi ngapi. Akasema sita. Nikasema, "Na huyu bwana ana futi saba. Sasa alikuwa akiingiaje kazini? Kwa magoti?"

Brashi ilisimama. Mke wangu aliniita kwa jina langu, jambo ambalo halifanyi mbele ya watoto.

Ningeweza kuishia hapo. Nilikwenda chumbani nikaleta koti, nikalitandaza kwenye mkono wa kiti. Nikasema kwamba nguo haijui kusifu wala kuponda, nguo hutaja kimo cha mwenyewe tu. Nikasema nyumba ya kumbukumbu ni mahali pa ukweli. Kila neno lilikuwa la kweli, na naliandika hapa ili nisije nikajitetea kwa hilo.

Fundi alilitazama lile koti bila kuligusa. Nadhani hakujua lilikuwa limehifadhiwa. Kisha aling'oa sanamu kutoka sitahani kwa kucha, akaitia mfukoni, akavaa koti lake la mvua, akatoka. Mama yake akamwambia mvua ni kubwa. Alijibu kutoka uani kwamba hata karakana ina pembe moja isiyovuja.

Mwezi wa nne, tarehe 16

Mvua. Stima ipo mezani. Sitaha iko tupu.

Mwezi wa nne, tarehe 17

Mke wangu ananisalimu, ananipa chakula, ananiuliza kama nimemeza dawa. Zaidi ya hayo hakuna.

Mwezi wa nne, tarehe 19

Nimekula mezani leo. Nilisogeza kidogo ubao uliobeba stima na kuweka sahani yangu kando ya omo. Nusu niliiacha.

Kinyozi alifika akaniona. Hakutania. Aliuliza kuna nini, nikamweleza, akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Umeshinda, basi," akachukua mwavuli wake.

Mwezi wa nne, tarehe 22

Baada ya chakula cha mchana mke wangu hakuondoa vyombo. Alikaa kwenye kiti kilichonielekea na kusema kwamba anataka nimsikilize bila kumfundisha. Nitaandika maneno yake kadiri nilivyoyashika.

"Alikuwa mfupi," alisema. "Unadhani mimi sijui? Nilikuwa namzidi. Tukitoka pamoja nilikuwa navaa ndala, na viatu vyangu vya kisigino nikampa dada yangu. Wewe umefungua kasha la watu ili uje kuniambia mimi kimo cha mume wangu?"

Nikasema nimekosea kwa kufungua kasha. Akasema kasha si kitu.

"Huyu mtoto alikuwa na miaka minne. Mara ya mwisho kumwona baba yake, yeye alikuwa amesimama gatini, na baba yake yuko juu kule sitahani, amejishika relini, anampungia mkono. Mtoto wa miaka minne yuko chini, mtu yuko juu ya meli. Unataka amwone ana kimo gani? Hicho ndicho alichonacho. Hana kingine. Ana hicho tu, na wewe umekuja na rula."

Nilimuuliza kuhusu hadithi zote zile, rangi ya dohani, mkubwa aliyebebwa mgongoni, ile michezo ya kuigiza.

"Nusu naikumbuka," alisema, "na nusu naziba, kama yeye anavyoziba nafasi za mbao zake. Ni zamani sana, baba. Mtoto akiuliza, nitamwambia sijui?"

Nilitaka kumuuliza nusu ipi ni ipi. Aliliona swali usoni mwangu.

"Hilo sikuambii," akasema. Na baadaye, akiwa amekwisha kusimama na vyombo mkononi: "Miaka yote hii hujawahi kuniuliza hata rangi ya shati lake."

Nilimweleza kwamba nilinyamaza kwa heshima. Kwamba mwanamume hapaswi kumchokonoa mkewe juu ya mtu aliyetangulia.

"Wewe uliita heshima," alisema. "Mimi nilidhani huna haja ya kujua."

Mwezi wa nne, tarehe 24

Niliomba mwavuli nikaenda karakana mwenyewe, kwa fimbo, nikipita ukingoni mwa barabara ambapo maji hayakuwa mengi. Mkojo wa paa, kama vijana wanavyouita, ulikuwa ukidondokea ndoo tatu. Fundi alikuwa katika ile pembe kavu, na mbele yake sanamu ndogo ndogo zimepangwa kama wanafunzi mstarini, zote zimechongwa baada ya siku ile. Zote zilikuwa na kimo sahihi. Nilijua kwa kuzitazama tu, maana kimo hicho nilikuwa nimekisoma kama aya.

Alinipa kigoda. Nilimwomba msamaha kwa maneno yaliyokamilika, kama dini inavyotaka, nikitaja kosa lenyewe bila kulizungusha. Alisema yamekwisha, kama watu wanavyosema. Kisha akashika mojawapo ya zile sanamu.

"Ulichosema ni kweli, Mwalimu. Nimepima. Lakini nikimfupisha, simjui. Nawachonga hawa, naona ni wafanyakazi tu. Watu wa zamu."

Hapo ndipo nilipomuuliza lile ambalo sikumuuliza tangu akiwa na miaka sita, akilala katika chumba cha pili cha nyumba yangu na kalamu nikimshikisha mwenyewe. Nilimuuliza alimwonaje.

Alisema alikuwa ameshikwa mkono, lakini hakumbuki na nani. Kulikuwa na ukuta mweusi wa meli mbele yake, na ilimbidi ainue kichwa sana, mpaka kofia yake ikaanguka nyuma, na juu kabisa alikuwepo mtu, na nyuma ya mtu huyo mbingu peke yake. Mtu huyo alikuwa anakula kitu. Alikiweka mfukoni ili aweze kupunga kwa mikono yote miwili.

"Na kofia?" nikauliza.

"Yangu au yake?"

"Yako."

"Sijui ilikokwenda." Alicheka kidogo. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Tulikaa mpaka mvua ilipopungua. Nilimwambia kwamba mama yake amepika, nikauliza chakula kikibaki atalaumiwa nani. Akazitia zile fupi katika kopo la misumari. Ile ndefu ilikuwa bado mfukoni mwake.

Naandika kweli: nikiwa njiani kurudi, nyuma ya Fundi, nilimwonea marehemu wivu hata juu ya mtoto huyu. Mimi nilimfundisha kusoma, nikamlipia karo, nikamuuguza surua. Katika kumbukumbu yake sidhani kama nimepata kusimama na mbingu nyuma yangu.

Mwezi wa nne, tarehe 30

Mvua inakatika kwa vipindi. Reli za sitaha zimekwisha, na ile sanamu ndefu imerudi mlangoni pake. Nimeshika birika mara mbili, kwa kuwa goti la mke wangu limemzidi. Mvuke huunguza kuliko nilivyodhani.

Mwezi wa tano, tarehe 6

Mtunzaji wa nyumba ya kumbukumbu alikuja kuipokea stima. Ni binti mtaratibu, wa umri wa wajukuu zangu. Alinipa shikamoo na kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuja na wabebaji wawili na sanduku lililofunikwa blanketi ndani.

Aliizunguka meza kwa muda mrefu. Alilinganisha omo na picha, akahesabu madirisha, akauliza kuhusu rangi ya dohani. Fundi akasema ameipata kwa mtu aliyeiona, na mama yake akatazama pembeni. Binti akasema hajapata kuona kazi ya namna hii.

Kisha akaiona sanamu. Akatoa rula. Sikuweza kumlaumu, nami ni nani hata nimlaumu?

Alizungumza kwa upole. Alieleza kwamba mfano huu ndio utakaokuwa ushahidi wa stima hiyo kwa watakaokuja, kwamba watoto wa shule hupima kila kitu, na kwamba mtu aliyezidi kipimo humfanya mtazamaji aitilie shaka hata milingoti. Akaomba sanamu iondolewe, au ichongwe nyingine. Fundi alijibu kwamba hana nyingine. Alikuwa nazo kopo zima.

Binti, kwa adabu ya kutotaka kumlazimisha fundi mbele ya mama yake, akanigeukia mimi.

"Mwalimu, wewe watu wote mjini wanakuamini kwa neno lako. Niambie tu. Alikuwa hivi kweli?"

Mke wangu aliangalia mikono yake. Fundi aliangalia sitaha. Na mimi nikaliona jibu langu likiwa tayari, fupi, la kweli, lisilo na dhambi ndani yake ambayo mtu yeyote angeweza kuionyesha kwa kidole. Hapana. Neno moja, na mtu yule angeondoka nyumbani mwangu, tena kwa haki, na mimi mikono yangu ikiwa safi. Nilikaa nalo kinywani hata binti akadhani sijasikia, akawa anataka kurudia.

Nikasema, "Binti yangu, kwa rula, hapana. Alikuwa mfupi kuliko mimi." Nilimwona Fundi akifumba macho. "Lakini umeniuliza kama ninavyoaminiwa, basi nikujibu kama nilivyosomeshwa. Ushahidi huchukuliwa kwa aliyeona. Mimi marehemu sikumwona. Nimepima nguo yake tu. Huyu hapa ndiye aliyemwona juu ya stima hiyo, kwa macho yake, siku ya mwisho, na ndivyo alivyomwona. Ukiitoa sanamu hii utabaki na meli sahihi ambayo hakuna shahidi aliyepata kuiona."

Binti aliirudisha rula mkobani. Akamuuliza Fundi alikuwa na umri gani, akaambiwa. Akainama, kama Fundi alivyoinama siku ile, mpaka macho yake yakawa chini ya usawa wa meza, akatazama juu.

Alipoinuka alisema kwamba sheria ya nyumba yao ni kila kinachozidi kipimo kielezwe kwenye kibao, na hivyo ataongeza mstari mmoja: mtu aliyeko mlangoni amechongwa kama alivyoonekana na mwanawe kutoka gatini. Akauliza kama hilo linafaa. Fundi alitikisa kichwa kukubali.

Wabebaji waliibeba stima kwa uangalifu, sisi tukitangulia kufungua milango. Fundi aliponipita mlangoni alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubana. Akasema, "Mwalimu." Ni neno lile lile, nami sitalitafutia maana iliyozidi.

Mwezi wa tano, tarehe 9

Jua. Meza ina alama ya duara lilipokuwa linawekwa birika. Mke wangu anataka kuisugua, nimemwambia aiache.

Mwezi wa tano, tarehe 13

Mvua zimekwisha kwa mwaka huu, na shajara hii niifunge nazo.

Wivu haujaniondoka. Nilitaraji, baada ya kusema lile nililolisema, niamke nikiwa mwepesi, kama mgonjwa aliyeachwa na homa. Sikuamka hivyo. Nikipita mbele ya nyumba ya kumbukumbu natazama upande wa pili wa barabara. Nimeacha kudai kwamba ni somo nililofaulu.

Lakini jana alasiri tulikuwa wawili tu, tumekaa mezani, kitambaa kimetandikwa. Mke wangu alikuwa akichambua mchele. Nilikohoa mara mbili, nikamuuliza lile shati la marehemu lilikuwa la rangi gani.

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Alinitazama kuona kama nina rula. Kisha akasema lilikuwa la buluu, lililopauka mabegani, na kwamba alikuwa akilivaa siku za mapumziko tu, na kwamba siku moja lilipochanika aliketi uani kifua wazi akikataa kuvaa jingine mpaka lishonwe. Alizungumza mpaka mchele ukasahauliwa. Alicheka peke yake katikati ya sentensi, kwa jambo ambalo sikuambiwa. Sijui ilikuwa nusu anayoikumbuka au nusu anayoiziba.

Iliniuma. Nikamuuliza tena.

Ewe uliyenisoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akutulizie nyumba yako kwa waliomo na kwa waliokwisha kutoka. Awape rehema waliokutangulia, awakuze walio chini yako, na aweke katika meza yako nafasi ya kila atakayekumbukwa, wewe usikose yako. Amina.